Baba Mkwe Hanywi Tena Chai Yangu Kwa Sababu ya Gofu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hapa Githongo, Meru, hata mbuzi wanasoma huu ukurasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 37, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nyumba yetu iko kwa shamba la baba mkwe, kahawa yake na yetu zimetenganishwa na nyasi kidogo tu. Nasema hivyo ndio mjue siwezi kumkwepa mzee huyu hata nikitaka.

Aliyeniingiza kwa gofu ni mume wangu, Baba Kendi. Yeye alianza kucheza kwa sababu wakubwa wake wa kazi hucheza, kisha akanivuta na mimi mpaka uwanja wa mjini. "Mama Kendi, utaketi kwa gari ukisahihisha vitabu mpaka lini? Shuka ujaribu." Nikashuka nikicheka. Jamani, sikujua nitapenda kitu hivyo! Tangu nizaliwe kila nilichoshika kilikuwa cha kazi: jembe, mtungi, chaki, mtoto. Hii fimbo ilikuwa ya kucheza tu, na ilikuwa yangu.

Shida ni kwamba mpira ulikataa kuruka. Unabingirika kidogo kwa nyasi, unalala. Kocha, mwanamume mpole kutoka upande wa Embu, akaniangalia akasema, "Mwalimu, wewe unapura maharagwe." Na alisema ukweli. Kwa mama nimepura maharagwe tangu utotoni, miguu umeipanda chini haisongi, mikono ndiyo inachapa. Kocha akanieleza kwamba gofu inaanzia kiunoni. Ukishainua fimbo, uzito uko mguu wa kulia. Ukishuka, kiuno kinatangulia kuzunguka upande mpira unakoenda, uzito unahamia mguu wa kushoto, mikono inafuata yenyewe. Nilielewa kwa kichwa, lakini mwili ulikataa kabisa. Nilikuwa naona hata aibu kuzungusha kiuno mbele ya watu, maana huku kwetu mwanamke mwenye heshima hufunga leso na kutembea wima.

Siku hiyo Baba Kendi alikuwa amekaa kwa benchi akinicheka mpaka machozi. Ni yeye, kwa mdomo wake, aliyeita, "Kocha, huyo hasikii maneno. Mshike kiuno umzungushe!" Kocha hata alisita. Akaniuliza kama ni sawa, nikakubali, akaniwekea mikono pande mbili za kiuno na kunizungusha polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaniachilia. Nikapiga. Wacha, ule mpira ulipaa! Nilipiga kelele kama mtoto. Nikageuka kumwonyesha Baba Kendi, na benchi ilikuwa tupu.

Kumbe baba mkwe alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kahawa, akapita kando ya ua wa uwanja. Mume wangu alimwona kabla yangu. Na mtu mzima, mwenye ndevu, akakimbia kujificha nyuma ya choo! Aliniambia mwenyewe tukirudi nyumbani, kwa sauti ndogo. Kwa hivyo alichoona mzee ni mke wa mwanawe, amevaa suruali, ameshikwa kiuno na mwanamume mwingine, halafu anashangilia.

Wale ambao si wa Meru niwaeleze: sisi tuna nthoni, ile heshima ya kuoneana haya na mkwe. Baba mkwe hawezi kutaja mwili wangu mbele yangu, na mimi siwezi kutamka neno kiuno akiwa amekaa hapo. Sasa nitajiteteaje? Nitasema mkono ulikuwa wapi, na kwa nini? Mtu pekee wa kumweleza ni mwanawe. Na mzee alimwita akamuuliza. Mama mkwe alikuwepo, ndiye aliyeniambia jibu la Baba Kendi: "Baba, mimi sijui. Labda yeye huenda huko nikiwa kazini."

Huyo ndiye mwanamume nimelala naye miaka yote hii.

Tangu siku hiyo kila asubuhi napeleka chai kwa mzee kama kawaida. Ananiitikia salamu akiangalia kahawa yake, na nikirudia kikombe nakipata kimejaa, maziwa yameganda juu. Nimemwaga hiyo chai nikilia. Huyu mzee alinipenda. Nilipojifungua Kendi ndiye aliyechinja, akasema nimeleta nuru kwa boma.

Sasa wameita kikao cha familia Jumamosi. Shangazi wa mume ndiye atanisomea makosa, kisha niombe msamaha na niache "hiyo michezo". Nimemwambia Baba Kendi, "Simama useme ulikuwepo." Akaniambia, "Mama Kendi, ni maneno tu. Nikisema nilikuwepo na ni mimi nilimwagiza kocha, mzee hataniona mwanamume tena. Omba msamaha, mambo yakitulia nitakurudisha uwanjani mimi mwenyewe."

Yaani niitwe malaya mbele ya wakwe, halafu zawadi yangu iwe kurudi kucheza naye!

Nikinyamaza nikaomba msamaha, nimekubali kosa ambalo sikufanya, na watoto wangu watakua wakilisikia kwa binamu zao. Nikisema ukweli, itabidi nitamke mbele ya mzee neno ambalo mke wa mwana hatamki, na nimwaibishe mume wangu kwa babake. Hapo sioni kama nitakuwa na ndoa ya kurudia.

Akina mama na akina baba wa ukurasa huu, nimeshindwa kufikiri peke yangu. Hiyo Jumamosi nifungue mdomo au niufunge? Nijibuni mapema, maana mume wangu tayari amenichagulia leso ya kuvaa.