Majua Mawili ya Ijumaa Moja

Harufu ya mafuta ya cherehani hunifanya nifinye macho hadi leo. Ni kwa sababu ya Ijumaa moja mjini Kisii, mama akishona barazani pa duka la vitambaa, nami nimekaa karibu na miguu yake nikilinda jua.

Ndiyo, kulinda jua. Sisi ni Wasabato, na Sabato huingia jua likizama. Magokoro, yaani bibi yangu, alikuwa ameshatoa amri: nguo iliyoshonwa ndani ya Sabato haivaliwi nyumbani kwake. Nguo yenyewe ilikuwa yangu, ya kuimbia kwaya ya watoto kesho yake, na ilikuwa bado haina mkono mmoja. Bila nguo hiyo, ningebaki nyumbani kuwaimbia kuku.

Kwetu Kiogoro jua hujificha mapema nyuma ya kilima, na saa ile nilijua limeshajificha. Lakini hapa mjini lilishuka likasimama katikati ya barabara, baina ya maduka ya kulia na ya kushoto, likaangaza hadi kwenye sindano. Wapita njia walijikinga nyuso. Nilichanganyikiwa kabisa. Kumbe Mungu ana majua mawili? Sabato iingie nyumbani, hapa ikawie?

"Mama, jua limezama?"

"Wewe unalionaje?"

"Liko pale barabarani."

"Basi wacha kunisumbua, nishone."

Mkono ukashikana na nguo, uzi ukakatwa, ndipo jua likazama. Njia nzima nilijiuliza Magokoro atahesabu jua lipi.

Tulimkuta Magokoro ameketi mlangoni, akisugua magoti yake mabovu, akitungoja kwa maombi ya kuingia Sabato. Hakumwuliza mama. Aliniuliza mimi.

"Jua lilikuwepo mlipomaliza?"

"Lilikuwepo, Magokoro. Katikati ya barabara."

"Najua," akasema.

Alijuaje? Nilidhani ameambiwa na Mungu. Wakati wa maombi nilikaa nikimbandua Magokoro mbegu za kishona nguo, yale magugu yanayonata, zilizojaa kwenye sketi yake, na kesho yake niliimba mpaka sauti ikakauka.

Miaka mingi baadaye, Magokoro ameshatuacha, nilipanda kile kilima jioni kutafuta ng'ombe. Bondeni kwetu palikuwa na giza tayari. Nilipofika kileleni nikalikuta jua, zima, halijazama bado. Nilipoinama kuitazama sketi yangu, ilikuwa imejaa mbegu zilezile. Nilikaa chini nikalia. Bibi yangu mkali, na magoti yale, alikuwa amepanda hadi huku kunitafutia jua.