Jumatatu Niliyoacha Kupima Antena

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha redio cha uokoaji ziwani, pale kilimani Ilemela, Mkuu wa Kituo alinifunga macho kwa kitambaa, akaenda pembeni akapiga makofi. "Nionyeshe nilipo." Nikanyoosha kidole. "Basi ndiyo kazi yenyewe. Wewe una masikio mawili, kituo kina manne."

Hayo manne yalikuwa antena juu ya nguzo zilizopangwa mraba. Wimbi la redio hufika nguzo moja kabla ya nyingine, kwa tofauti ndogo ajabu; mtambo ukiipima tofauti hiyo, hukisia sauti imetoka upande gani wa ziwa. Kila Jumatatu nilipaswa kuzunguka kilima na redio ya upepo, kuhakikisha mtambo unanionyesha nilipo kweli.

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa, maghala ya sangara yaliota ufukweni kama uyoga. Moja likajengwa chini yetu, bati tupu. Jumatatu iliyofuata jua lilikuwa kali nami nilikuwa mvivu. Nikaandika daftarini "imepimwa", nikaenda kunywa chai.

Alhamisi mchana nahodha Magesa aliita kwenye redio. Injini imekufa, boti inaingiza maji, wako watu sita, mvua imewafunika. Mtambo ukatoa namba ya upande aliko. Boti ya uokoaji ikaenda, haikuona kitu. Nikalitazama ghala lile chini yetu, nikaelewa. Lile bati lilikuwa likirudisha mawimbi na kuudanganya mtambo.

"Mkuu, Jumatatu sikupima. Niliandika uongo."

Nikangoja kufukuzwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Umeshasema. Sasa fanya kazi."

Tukaiagiza boti ya uokoaji irudi, ipite taratibu mbele ya kilima huku ikiongea redioni. Mimi nilikaa kwenye mtambo, yeye akashika darubini. Namba ileile ya Magesa ilipojitokeza, nikapiga kelele, naye akaona kwa macho boti hiyo ya uokoaji ilipo kweli, akaiambia redioni: "Hapo hapo! Kipe kilima mgongo, nyoosha!" Waliwakuta wote sita wakichota maji kwa sufuria.

Tangu hapo Magesa aliniletea sato kila Krismasi, nami nikawala kwa aibu. Ninyi vijana vifaa vyenu ni bora kuliko vyetu, lakini daftari bado hujazwa na mtu. Nilipostaafu nilimfuata Magesa kwake Kiseke, nikamweleza yote.

Mzee akacheka. "Mdogo wangu, Mkuu wako aliniambia siku ileile kwamba ulikiri mwenyewe. Ulidhani wale sato nilikuwa naupelekea mtambo?"