Ndizi Ndani ya Ekseli

Nitenganishe kwanza. Niliyoyasikia: pale Mikese mtu aliapa kwamba ndizi mbivu, ikipondwa pamoja na grisi, hunyamazisha jointi za ekseli. Niliyoyashuhudia ni haya.

Dada yangu alifariki, nasi tulipaswa kumzika Mkuyuni kabla ya jua kuzama. Angebebwa na gari langu kuukuu, lenye kitanda na jiko ndani. Kila kona jointi zake zilikuwa zikilia kama mifupa inayovunjwa, nami sikutaka dada asindikizwe na kelele hizo. Basi mimi, niliyewakemea wengi kwa kuamini maneno ya njiani, nikazijaza ndizi.

Kweli zilinyamaza, hadi tulipoanza kupanda mlima. Hapo ekseli ikachomoka.

Bi Mwanahawa, mtani wetu, akainama uvunguni, akanusa.

"Haya jamani! Msomi wetu hajamzika dada yake, ameshampikia ndizi!"

Waombolezaji wakacheka; mtani hakatazwi msibani.

Wanaume wakalibeba jeneza mabegani. Magoti yangu hayakuniruhusu kuwafuata. Kwamba walifika kabla ya magharibi, nimeambiwa tu. Nililoliona mwenyewe ni jeneza la dada likipotea konani, nami nimebaki na mikono inayonuka ndizi.