Arusi ya Kijivu

Binamu yangu alioa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kutoka kwetu Kasongo aliyekwenda kutuwakilisha ni mama mudogo peke yake, mdogo wake mama. Aliporudi alitusimulia jinsi alivyocheza hadi wakwe wakamshangilia. Baadaye mfanyabiashara mmoja akatuletea kaseti ya video ya ile arusi.

Jumapili baada ya misa baba akawasha grupu la umeme, tukakaa mbele ya televizyo. Picha ikatoka bila rangi. Bibi arusi wa kijivu, keki ya kijivu, hata ziwa la kijivu.

Baba akafungua mashine ya video, akapangusa kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba yenye spiriti. Bado kijivu. Akachomoa nyaya, akazipuliza, akazirudisha. Kijivu vilevile.

"Shemeji, acha tu," mama mudogo akasema. "Arusi iko inaonekana muzuri. Rangi ni ya nini?"

Nikamtazama. Huyu ndiye mwanamke anayemchosha muuza vitambaa asubuhi nzima kwa sababu ya rangi!

Nilikuwa nimesikia kwamba kaseti za Tanzania hurekodiwa kwa mfumo mwingine, na kwenye telekomande ya televizyo kulikuwa na kidude cha kubadilisha mfumo. Nikaishika.

"Utaharibu televizyo ya baba yako!"

"Siharibu, mama mudogo."

Nikabonyeza. Picha ikajaa mistari. Mama mudogo akapiga makofi: "Munaona?" Nikabonyeza tena, na rangi zikaja zote kwa pamoja. Ziwa la buluu. Na katikati ya wakwe, mama mudogo akizungusha kiuno ndani ya kikwembe, kitenge cha manjano chenye tausi wekundu.

Mama akaacha kujipepea.

"Mutoto wangu, rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Tausi wakacheza kinyumenyume.

"Simamisha hapo. Mudogo wangu, ile kikwembe iko ya nani?"

"Yaya, vikwembe vinafanana..." mama mudogo akamwambia dada yake mkubwa.

"Basi niende nifungue sanduku yangu?"

"Usiende, yaya. Iko kwangu. Niliifua."

Baba akakohoa, akatoka kwenda kuangalia grupu, ambalo lilikuwa linanguruma bila shida yoyote. Mama alimtazama mdogo wake pale kwenye kioo cha televizyo, mkono juu, mdomo wazi.

"Inakupendeza kuliko mimi," akasema. "Lakini kesho irudi."

Kesho yake kikwembe kilirudi kimepigwa pasi, pamoja na kuku wa kuomba msamaha. Tulimpika mchana huohuo. Mama mudogo alibaki kula, akachukua paja.