Maisha ya Nyota, Ghorofa kwa Ghorofa

Ndoa ya kwanza ya yule mcheza filamu ilidumu kutoka ghorofa ya chini hadi ya sita. Kufika ya saba mume alishafungasha, na lifti iliporudi chini na maboksi ya karatasi, mama wa watu alikuwa ameshapata mwingine, mwenye farasi.

Hivyo ndivyo Rubani alivyosoma vitabu. Si rubani wa ndege. Ndege alizitazama kutoka chini kama sisi wengine. Aliendesha lifti ya jengo la ghorofa tisa, lifti ya zamani yenye mlango wa vyuma wa kukunja na mkono wa shaba ambao ukiuachia mapema unawasimamisha watu nusu mita juu ya sakafu, waruke kama mbuzi. Miaka kumi na tisa aliushika mkono ule. Watu walimpa jina la Rubani kwa kumtania, naye akaliitikia kwa moyo mweupe.

Kitabu kilikaa pajani, na kilikuwa cha aina moja tu: watu mashuhuri wakisimulia maisha yao wenyewe. Waimbaji, mabondia, wacheza filamu, wanawake waliovaa manyoya wakati wa joto. Aliviazima kwa muuza vitabu vilivyotumika, aliyetandika bidhaa zake kando ya mlango mkubwa. Riwaya hakuzitaka. "Hao hawajawahi kuumwa jino," alisema. "Mimi nataka mtu aliyeumwa jino akiwa amevaa almasi."

Mlango ukishafungwa, nyaya zikianza kunguruma kule juu, kile kisanduku kiliacha kuwa kisanduku. Kuta zilizobanduka rangi ziligeuka pazia zito jekundu. Balbu ya dari ikawa taa za jukwaa, na harufu ya wino na soksi za makarani ikawa harufu ya maua yaliyoletwa na mtu asiyetaja jina. Rubani alisimama pembeni mwa jukwaa, ndani ya ngozi ya mtu mwingine, akiwasikia watu elfu mbili wakikohoa gizani kabla ya wimbo wa kwanza. Moyo ukamwendea mbio. Kisha sauti: "Ya tano, kaka!" Naye akarudi duniani taratibu, kama mtoto anayehamishwa kitanda akiwa bado usingizini.

Na alijifunza, msidhani alikuwa anaota tu. Mcheza filamu mmoja alimfundisha kung'arisha viatu kila asubuhi, maana watu wa safu ya mbele huanza kuona viatu. Kwa kuwa abiria wa lifti wote hutazama chini kana kwamba wamedondosha kitu, viatu vya Rubani vilikuwa na mashabiki wengi kuliko meneja wa jengo. Bondia alimfundisha kupumua kwa pua akitukanwa. Mama aliyecheza dansi mbele ya wafalme alimfundisha kuinamisha kichwa kidogo, kidogo sana, wakati wa kuaga.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia, "kuaga kifalme umeweza. Kumkaribisha mtu nyumbani ndiyo kazi. Miaka arobaini na saba hiyo!"

Kumbe mtu alikuwepo. Fundi wa ghorofa ya nne, mjane, aliyeshona sare za shule na za wauguzi. Kila asubuhi alifika saa mbili kasoro, kabla ya wengine, na akiingia tu: "Haya, tumefika wapi?"

Rubani akasimulia. Ghorofa nne zinatosha penzi moja, au ajali moja ya gari la kifahari. Jioni akishuka, anamaliziwa. Siku moja Fundi alimwambia kwamba akiwa kwenye cherehani mguu unakanyaga wenyewe, yeye mwenyewe yuko ukumbini na nyota, amevaa gauni la kijani. Hapo Rubani alijua amekwisha. Tangu siku hiyo alisomea watu wawili, na kila ukurasa mtamu aliukunja pembe.

Sasa Fundi akapata chumba cha kushonea mtaa wa pili, chini kabisa, barabarani. Angehama Ijumaa.

"Madirisha matatu!" alisema siku ya Jumatatu, uso unang'aa. "Sitapanda popote tena."

Rubani akapumua kwa pua. Usiku ule wote na kesho yake alijipanga: Ijumaa asubuhi, kabla Fundi hajaondoka, lazima aseme. Na aseme kwa kishindo. Akakimbilia kwa walimu wake. Mwimbaji mkubwa kuliko wote aliandika kwamba kabla ya usiku mkubwa alifunga mdomo siku nzima, asiseme hata "maji", ili sauti ipumzike. Rubani akaona hapo ndipo penyewe.

Basi Alhamisi Fundi akaingia. "Haya! Ile meli imezama au haikuzama?"

Rubani akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Nimekukosea, kaka?"

Akatikisa tena, kwa huzuni ya kifalme. Ya nne ikafika, Fundi akashuka bila kugeuka. Jioni alitumia ngazi.

Ijumaa pia alitumia ngazi, na mizigo yake. Ngazi za jengo lile ziliizunguka lifti, na Rubani, mwenye sauti iliyopumzika kuliko zote mjini, alimwona kupitia vyuma. Yeye anapanda, Fundi anashuka: kwanza viatu, halafu furushi la sare, halafu kitambaa cha kichwa. Kisha ukuta. Yeye anashuka, Fundi anapanda mikono mitupu, uso umeelekea kwingine. Ilikuwa kama ndoto ile ya kumwita mtu na mdomo haufunguki.

Mara ya tano alipomwona, amekumbatia cherehani, Rubani alisimamisha lifti ghorofa ya tatu na kufungua mlango.

"Hii si ya nane," alisema karani wa mawakili.

"Najua."

"Unaenda wapi sasa? Nani ataendesha?"

"Mna miguu!" Rubani akajibu, akateremka mbio.

Akamkuta kwenye kona ya ngazi, akampokea cherehani. Mafuta yakachora shati lake jeupe. Akajikohoza. "Kabla yako, dunia ilikuwa ukumbi mtupu, na mimi..."

"Ngoja kwanza," alisema Fundi. "Hayo si ya yule mwigizaji mwenye mbwa saba? Ulinisimulia. Na yule mama aliyeambiwa hayo alimkataa."

"Alimkataa?"

"Ulicheka mpaka ukaipita ya nne."

Rubani akatazama cherehani. "Basi sina la kusema."

"Jana ulikuwa na la kunyamaza. Umeniacha na meli baharini usiku kucha, najiuliza nimekosa nini."

"Nilikuwa napumzisha sauti. Kwa ajili ya leo. Nataka tuoane. Mimi na wewe."

Yakatoka hivyo, makavu, hayana pazia wala taa. Fundi akakaa kwenye ngazi, akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Rubani alidhani analia.

"Siku nzima!" Alikuwa anacheka. "Mtu anapumzisha koo la kuombea mke! Huyo mwimbaji wako, kwani yeye aliolewa?"

"Mara nne."

"Eh, umefunzwa na mtaalamu."

Juu kengele ikalia. "Rubani! Tunazeeka huku!"

Fundi akainuka, akafuta macho, akashika upande mmoja wa cherehani. Wakaanza kushuka pamoja, ngazi moja moja.

"Jumapili njoo nyumbani," alisema. "Kaka yangu atakuwepo. Mwambie kama ulivyoniambia sasa hivi, maneno hayo hayo machache. Ukianza ya mbwa saba, anakutoa nje."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi. Na uje umekula. Kaka akianza kuongea, chakula kinasahauliwa."