Sajenti Jinpachi na Kura ya Mkwewe

Masue Karasawa alinyang'anywa mume kwa karatasi nyekundu ya kuitwa jeshini, na baada ya miaka miwili akaletewa kijisanduku cheupe cha mbao, eti mabaki yake. Ndani mlikuwa na kokoto moja. Dola ya Japani iliyomchukua mwana wa watu akiwa mzima haikuona haya kurudisha kokoto, tena ikataka mjane ainame ashukuru.

Aliyeshukuru ni baba mkwe, Jinpachi. Alikuwa sajenti katika vita vya zamani dhidi ya Warusi, na tangu hapo hakuwahi kutembea: alipiga gwaride, hata akienda chooni. Mwaka 1945 aliwapanga wanawake wa mtaa uani, akawafunza kumchoma Mmarekani kwa mianzi iliyochongwa. Japani ikasalimu amri, Wamarekani wakaja kwa gari wakigawa peremende, na mianzi ikarudia kazi yake ya kuanikia figili.

Aprili iliyofuata wanawake walipata kura kwa mara ya kwanza. Jinpachi akawapanga tena uani, safari hii wakiwa na penseli, maana mpiga kura huliandika jina la mgombea kwa mkono wake.

"Kwa pamoja! Andikeni: Momose!" Momose alikuwa na kiwanda cha pombe ya mchele.

"Sajenti," akasema Otsuru, jirani mwenye ulimi wa wembe, "adui wa leo nani? Hii karatasi?"

"Kimya! Mkuu wa nyumba ndiye kichwa. Kichwa kikiamua, miguu haiulizi."

"Basi kichwa kishuke shambani kipande mpunga, miguu ipumzike."

Masue hakucheka. Kwa sheria ya siku zile, mkuu wa nyumba aliweza kumfuta mjane katika daftari la ukoo, akamrudisha kwao na kubaki na mtoto. Binti yake, Fumi, alikuwa na miaka mitano. Na Jinpachi alikwisha kumwambia wazi: asipomwandika Momose, Fumi atamwona mama yake kwenye picha tu.

Siku ya kura, mzee alimngoja Masue mlangoni mwa shule iliyopigiwa kura. Masue akatoka, wanawake wenzake wakiwa nyuma yake.

"Umemwandika nani?"

"Nimeandika, Baba."

"Nimeuliza nani!"

"Baba, askari wako angekamatwa na Warusi, angewaambia kikosi kimelala wapi?"

"Thubutu! Afadhali ajing'ate ulimi—" Mzee akaung'ata wa kwake.

"Sajenti kajiteka mwenyewe!" akapaza sauti Otsuru, na wanawake wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomtia wazimu. Asubuhi yake alikwenda ofisi ya kijiji kumfuta mkwewe, Masue akimfuata na Fumi mgongoni.

"Sababu?" akauliza karani.

"Kakataa kuniambia kura yake."

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, kumlazimisha mtu ataje kura yake ni kosa la jinai. Niandike hivyo hivyo, nawe utie muhuri wako?"

Jinpachi akaurudisha muhuri mfukoni. "Nitaleta sababu nyingine."

Na angeweza, kwa kuwa sheria ilikuwa bado yake. Kwa zaidi ya miezi ishirini Masue alikula akiwa ameukazia macho mlango.

Tarehe 1 Januari 1948 sheria mpya ya kiraia ilianza kutumika Japani, na mamlaka ya mkuu wa nyumba yakafutwa.