Manyoya Meusi ya Baba Mdogo

Manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto hutoa harufu isiyotoka puani hata ukinusa karafuu. Ndiyo harufu ya Kariakoo niliyokulia miaka ya hamsini. Nyuma ya duka la baba, wachinjaji walirundika manyoya, damu na matumbo kando ya mtaro, nzi wakivuma juu yake. Ndiyo kwanza nimeingia sekondari, binti mwenye haya kiasi kwamba maneno yangu mengi niliyasemea daftarini. Rundo lile nililichukia kuliko kitu chochote.

Mwaka huo baba mdogo alihamia kwetu kutoka Machame, mlimani. Kule alikuwa akimfuata Mzungu mmoja mtoni kuvua trauti, samaki wa madoadoa wa maji baridi. Hawavuliwi kwa nyungunyungu. Hurushiwa nzi wa bandia, manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo. Baba mdogo aliwafunga vizuri ajabu, yeye ambaye hajawahi kuonja samaki, maana kwetu mlimani samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka. "Maji yakiwa maangavu, nzi mdogo wa kijivu," alinifundisha. "Yakichafuka, mkubwa, mweusi tii. Kwenye tope samaki huona weusi tu." Mzungu yule, ambaye sasa alikuwa na ofisi karibu na Posta, alikuwa anakwenda likizo mlimani. Alimwahidi baba mdogo kwamba akipata samaki kwa nzi wake, atamfanya mlinzi wa mto, apewe na nyumba.

Siku moja kabla ya safari, abiria wa treni wakaleta habari: mvua imeanza, mito imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Baba mdogo akanituma mbio kwa wachinjaji, nilete manyoya ya shingo ya jogoo mweusi.

Nilifika, nikasimama. "Msomi huyo!" mchinjaji mmoja akapaza sauti, damu hadi viwikoni. "Ingiza mkono, dada, jogoo hana meno!" Wenzake wakaangua kicheko. Nikageuka, nikarudi mikono mitupu. Nyumbani nikamnyonyoa jogoo wetu mweupe manyoya machache, masafi, nikayachovya katika wino wangu mweusi wa shule na kuyaanika dirishani.

"Ahsante, mama," baba mdogo alisema, ameshashika uzi. "Hukuogopa?"

"Sikuogopa."

Wiki tatu baadaye Mzungu alisimama dukani, akamwaga kopo la nzi juu ya kaunta. Wote walikuwa wamepauka, rangi ya maji ya kufulia sare. "Mto matope tupu, wewe nipa mimi nzi nyeupe? Hapana pata samaki hata moja!"

Baba mdogo aliokota mmoja, akamgeuza, kisha akatazama vidole vyangu vyenye wino. Nilingoja.

"Kosa langu, Bwana," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Hakupata mto wake. Alipima sukari na chumvi kwenye duka la kaka yake mpaka mvi zikamjaa, wala hakunigusia jambo lile. Mficha uchi hazai. Nami nilificha mpaka nikamzika. Siku hizi kuku nanunua amekwisha nyonyolewa, yumo ndani ya nailoni, hanuki kitu. Wajukuu wangu hawalijui rundo lile. Mimi bado linanijia nikishika kalamu, lakini kinachonitia kinyaa sasa ni mikono yangu ya siku ile, jinsi isivyokuwa na hata tone la damu.